Mwanao yuko klabu gani shuleni?

Na Mwalimu wa EDK, Singida

 

Ndugu msomaji, mzazi wa Kiislamu anapomrudisha mwanae shule baada ya likizo humuuliza mambo mawili: nauli ipo? Madaftari yametosha? Mzazi mwenye kuijali dini yake huongeza la tatu: unaswali? Hayo yote ni maswali mazuri na anayeyauliza amefanya wajibu wake. Lakini lipo swali la nne ambalo ni nadra kulisikia kwa wazazi wetu, nalo ni hili: uko katika klabu gani pale shuleni, na una kazi gani ndani yake?

Wengi wetu hatuulizi kwa sababu tunaona klabu ni mchezo. Tunadhani elimu huishia kengele ya mwisho inapogonga, na kinachofuata ni kupoteza muda. Katika makala hii, Inshaallah, tutaangalia klabu na jumuiya za wanafunzi ni nini, zina msingi gani katika Uislamu, kwa nini vijana wetu wengi hawamo au wamo bila faida, na nini kifanyike. Mifano mingi nitaitoa katika mazingira ya mkoa wetu wa Singida, lakini naamini msomaji wa Dar es Salaam, Tanga, Mwanza au Kigoma ataitambua.

Shule ya sekondari ina nini nje ya darasa?

Chukua shule yenye kidato cha tano na sita, mfano wa Mwenge iliyopo Singida mjini au Lulumba kule Kiomboi wilayani Iramba. Shule za namna hii hupokea wanafunzi kutoka mikoa yote, kwa sababu wanaochaguliwa kuingia kidato cha tano hupangwa kitaifa. Kijana wa Mtwara au wa Kigoma anateremka stendi ya Singida mwezi wa Julai, upepo unavuma, baridi inauma, hana shangazi wala mjomba katika mji ule. Ndani ya wiki moja tu anakuta mambo mengi yanamwita.

Kwanza kuna serikali ya wanafunzi: kaka mkuu, dada mkuu, viranja wa taaluma, chakula, afya, mazingira na nidhamu. Pili kuna klabu za masomo na midahalo. Tatu kuna michezo, ambayo kilele chake ni UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari yanayoanzia ngazi ya shule mpaka taifa. Nne kuna klabu zenye makao nje ya shule. Humo utakuta skauti. Utakuta Malihai, klabu za uhifadhi zilizoanza hapa nchini mwaka 1980. Utakuta klabu za wapinga rushwa zinazolelewa na TAKUKURU, na klabu za Fema zinazotokana na jarida la vijana lililoanza mwaka 1999. Tano kuna jumuiya za dini. Wenzetu Wakristo wana UKWATA, TYCS kwa Wakatoliki na CASFETA. Waislamu wana jumuiya yao ya shule, ambayo mahali pengi hufanya kazi chini ya TAMSYA, Jumuiya ya Wanafunzi na Vijana wa Kiislamu Tanzania.

Sasa tazama wanafunzi wa Kiislamu wamejipanga vipi katika orodha hiyo. Kwenye mpira wapo wengi, na hilo si baya. Kwenye jumuiya yao ya dini majina yapo mengi, ingawa wanaohudhuria darasa duara huweza kuhesabika kwa vidole. Kwenye midahalo, kamati ya taaluma, klabu za sayansi na klabu za wapinga rushwa ni wachache, na wasichana wa Kiislamu ni wachache zaidi. Ukiwauliza sababu, utajibiwa kwamba hayo ni mambo ya dunia.

Matokeo yake ni haya. Katika shule moja ambayo niliwahi kufundisha somo la dini, ratiba ya mtihani wa majaribio ilitoka ikiwa na karatasi ya Ijumaa kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa nane na nusu. Vijana wakalalamika kwa uchungu kwamba wanaonewa. Tulipofuatilia kwa mwalimu wa taaluma tukaambiwa kwamba rasimu ya ratiba ilipitishwa kwanza kwenye kamati ya taaluma ya wanafunzi, ikakaa wiki nzima ili watoe maoni, na hakuna aliyesema lolote. Kamati ile ilikuwa na wanafunzi saba na hapakuwa na Mwislamu hata mmoja. Hawakukatazwa kuingia. Nafasi zilitangazwa wakazidharau. Ratiba ilirekebishwa baada ya mazungumzo, lakini somo lilikuwa limeshapatikana: anayekosekana katika kikao hupangiwa na waliohudhuria, tena bila ya wao kumkusudia ubaya.

Msingi wake katika Uislamu

Wapo wanaodhani kwamba kujiunga katika vikundi ni jambo tulilolipata kwa Wazungu. Tukirejea katika dini yetu tunakuta mambo matatu ya msingi.

(a) Uislamu ni dini ya kuishi kwa jamaa. Katika Suratul-Asr, waliookoka na hasara ni wale walioamini, wakatenda mema, kisha wakausiana haki na kusubiri. Kuusiana hakufanywi na mtu mmoja. Katika hadithi iliyopokelewa na Abu Dawud kutoka kwa Abu Dardaa (r.a), Mtume (s.a.w) ametahadharisha kwamba watu watatu wakiwa mahali bila ya kusimamisha swala ya jamaa, shetani huwatawala, na akapiga mfano wa mbwa mwitu anavyomla kondoo aliyejitenga na kundi. Hadithi hii itazame kwa jicho la mwanafunzi wa bweni. Kijana aliyetoka nyumbani kwa baba mwenye kuswali anafika shule, hajui Waislamu wenzake ni akina nani, swala ya Alfajiri ya kwanza inampita, ya pili inampita, na mwezi wa tatu anazoea. Jumuiya ya wanafunzi ndiyo kundi linalomzuia kuliwa.

(b) Uislamu unafundisha uongozi hata katika jambo dogo. Abu Dawud amepokea pia mafundisho ya Mtume (s.a.w) kwamba watu watatu wakitoka safarini wamchague mmoja wao awe kiongozi. Ikiwa safari ya siku mbili ya watu watatu inahitaji amir, itakuwaje safari ya miaka miwili ya wanafunzi themanini? Na katika Suratush-Shuura aya ya 38, waumini wanasifiwa kwa kuendesha mambo yao kwa kushauriana. Sifa hiyo haipatikani ukubwani ghafla. Hufunzwa utotoni, na mahali pa kujifunzia ni vikao kama vya jumuiya na klabu.

(c) Uislamu unaruhusu kushirikiana na wengine katika wema. Suratul-Maida aya ya 2 inaamuru kusaidiana katika wema na ucha Mungu, na inakataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Kipimo tumepewa: tazama jambo lenyewe ni wema au ni dhambi.

Mfano bora wa kipimo hiki ni Hilful-Fudhuul. Kabla ya utume, Muhammad (s.a.w) akiwa kijana wa takriban miaka 20, mfanyabiashara mmoja kutoka Yemen alidhulumiwa mali yake pale Makka na Al-Aas bin Waail, mtu mkubwa wa Kikuraishi. Mgeni yule hakuwa na ukoo wa kumtetea. Baadhi ya watu wa Makka wakakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'aan wakaapa kwamba watakuwa upande wa kila mwenye kudhulumiwa mpaka arejeshewe haki yake. Muhammad (s.a.w) alikuwa miongoni mwao. Miaka mingi baadaye, akiwa ni Mtume, alikuwa akilitaja agano lile kwa fahari na kueleza kwamba lau angeitwa tena katika Uislamu kwa jambo kama lile, angeitikia.

Waliokaa katika kikao kile hawakuwa Waislamu. Kilichowakusanya ni kupinga dhuluma. Kijana wa kidato cha tano anayejiunga na klabu ya wapinga rushwa akiwa na nia ya kuzuia dhuluma ana mtangulizi, na mtangulizi wake ni Mtume (s.a.w) mwenyewe.

Tuongeze la mwisho. Mafunzo ya mwanzo ya Uislamu Makka yaliendeshwa katika nyumba ya Al-Arqam, karibu na kilima cha Swafaa, na Al-Arqam mwenyewe alikuwa bado kijana. Aliyetumwa Madina kwenda kufundisha kabla ya Hijra alikuwa kijana, Mus'ab bin Umair (r.a). Zaid bin Thabit (r.a) alikuwa kijana mdogo alipoagizwa na Mtume (s.a.w) ajifunze maandishi ya Mayahudi ili asome na kuandika barua zao. Vijana hawa walipewa kazi zenye majina na majukumu, hawakuambiwa wasubiri wakue.

Historia inatufundisha nini?

Mwaka 1943 wanafunzi wa Tanganyika waliokuwa Makerere, Uganda, walianzisha chama kidogo cha ustawi wa Waafrika wa Tanganyika, kilichojulikana kwa kifupi TAWA. Miongoni mwa waanzilishi walikuwemo Julius Nyerere, Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu. Chama kile cha wanafunzi hakikukaa peke yake muda mrefu, kiliungana na African Association, ambayo mwaka 1948 ikawa TAA, na tarehe 7 Julai 1954 TAA ikageuzwa kuwa TANU. Msomaji anajua kilichofuata. Waislamu wa nchi hii wana fungu kubwa katika historia hiyo, na Hamza Mwapachu ni mmoja wao. Lililo muhimu kwa somo letu ni kwamba mtu hakuamka siku moja akajua kuendesha mkutano, kuandika barua kwa serikali na kutetea hoja mbele ya wanaompinga. Alijifunza hayo akiwa mwanafunzi.

Mwaka 1963 wanafunzi wa Kiislamu kutoka nchi mbalimbali waliokuwa wakisoma Marekani walikutana katika Chuo Kikuu cha Illinois wakaunda umoja wa wanafunzi wa Kiislamu wa Marekani na Canada. Walikuwa wachache, wageni, mbali na kwao. Umoja ule uliendelea mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukazaa ISNA, moja ya jumuiya kubwa za Waislamu wa Amerika ya Kaskazini. Leo ni vigumu kukuta chuo kikuu kikubwa Marekani kisichokuwa na tawi la wanafunzi wa Kiislamu.

Hapa kwetu, mwaka 1991 wanafunzi 12 wa sekondari walikutana Dar es Salaam na marehemu Dk. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, wakazungumzia mazingira. Kikundi kile kilikuwa mwanzo wa Roots & Shoots, ambayo leo ina vikundi katika nchi nyingi duniani. Wanafunzi 12 tu! Jumuiya ya Kiislamu ya shule moja ya Singida inaweza kuwa na mara tano au sita ya idadi hiyo.

Hoja za wanaozuia

Tuwe waadilifu. Wazazi na masheikh wanaozuia vijana wasijiunge na klabu wana hoja zao, na zinafaa kujibiwa kwa heshima.

Hoja ya kwanza ni muda. Wanasema mtoto amepelekwa shule kusoma, na tahasusi za kidato cha tano na sita ni nzito. Ni kweli ni nzito. Lakini wiki moja ina saa 168. Klabu ikichukua saa mbili katika hizo, haiwezi kuwa ndiyo iliyomfelisha mtoto. Kinachofelisha ni kutopanga muda, na klabu iliyo hai humfunza mtoto kupanga muda. Hata hivyo hoja hii ina ukweli ndani yake: mwanafunzi aliyejiandikisha klabu tano hana hata moja. Klabu moja ya taaluma au huduma pamoja na jumuiya yake ya dini zinamtosha.

Hoja ya pili ni mchanganyiko wa wavulana na wasichana. Hoja hii ina uzito, na hakuna mwalimu mkweli atakayesema kwamba safari za klabu na sherehe za usiku hazina hatari. Dawa yake ni mipaka: vikao mchana, mahali pa wazi, mlezi akiwepo, mavazi ya stara, na safari zenye mwalimu wa kike kwa wasichana. Klabu inayomaliza mwaka kwa disko, kijana wetu ana haki ya kuhudhuria kazi zake na kutohudhuria disko lake. Lakini tukimfungia binti asiseme popote kwa kuogopa mchanganyiko, tutambue tunachokifanya. Kesho tutamtafuta daktari wa kike wa kumtibu mke wetu na wakili wa kike wa kumtetea binti yetu katika mirathi, na hatutampata, kwa sababu tulimfunza kunyamaza.

Hoja ya tatu ni kwamba klabu hizi zina ajenda zake. Zipo zenye mafundisho ambayo Mwislamu hakubaliani nayo, hasa pale mada za uzazi na mahusiano zinapozungumzwa kana kwamba zinaa ni jambo la kawaida. Hapa ndipo panapomhitaji kijana aliyeiva kidini aliyekaa ndani ya kikao. Akiwepo, atasimama aeleze kwa hoja na adabu kwamba kujihifadhi mpaka ndoa nako ni njia ya kujikinga na maradhi. Asipokuwepo, wadogo zake watasikia upande mmoja tu. Kwa ajili hiyo jumuiya ya dini ije kwanza, klabu nyingine ifuate. Jumuiya ndiyo inayompa kijana mizani ya kupimia anayoyasikia kwingine.

Maradhi ya jumuiya zetu wenyewe

Tukimaliza kuwajibu wanaozuia, tugeuke tujitazame. Jumuiya nyingi za wanafunzi wa Kiislamu zina maradhi yanayofanana.

La kwanza ni kuishi kwa misimu. Jumuiya huamka Ramadhani kwa ajili ya futari, na huamka tena wakati wa mahafali kwa ajili ya pilau na fulana. Kati ya hapo imelala. Kijana aliyefika Julai akakaribishwa na mtu ataikumbuka jumuiya maisha yake yote, na aliyekaribishwa na wengine wakati sisi tumelala tusimlaumu.

La pili ni fedha. Tuchukue mfano. Wanachama themanini wakitoa shilingi 500 kila mwezi, ni shilingi 40,000 kwa mwezi, na kwa miezi kumi ya masomo ni shilingi 400,000. Si fedha ndogo kwa vijana. Mahali pengi fedha hizo zinakaa mfukoni mwa mhazini, hesabu iko kichwani mwake, na siku akiulizwa anakasirika kwamba hajaaminiwa. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, Suratul-Baqara aya ya 282, inazungumzia kuandika madeni na kuweka mashahidi, na inawataka waumini wasichoke kuandika, deni liwe dogo au kubwa. Walioamrishwa kwanza kabisa ni maswahaba, watu waaminifu kuliko sisi. Basi kuandika hesabu si kumtuhumu mtu. Na tukumbuke kisa cha Ibn Lutbiyya katika Bukhari na Muslim, aliyetumwa kukusanya zaka akarudi na kusema kwamba sehemu fulani ni ya umma na sehemu nyingine yeye amepewa zawadi. Mtume (s.a.w) alipanda mimbari akalikemea jambo hilo hadharani, akahoji kama zawadi hiyo ingemfikia lau angekaa nyumbani kwa wazazi wake.

La tatu ni kugombea vyeo. Uchaguzi wa amir umekuwa mahali pengine na makundi na kampeni za usiku mabwenini: huyu wa mkoa fulani, huyu wa msimamo fulani. Abu Dharr (r.a), pamoja na ubora wake, alipoomba apewe uongozi Mtume (s.a.w) alimweleza kwamba yeye ni dhaifu katika jambo hilo na kwamba uongozi ni amana ambayo siku ya Kiyama inaweza kuwa majuto. Sifa tunazofundishwa ni zile alizotaja binti wa yule mzee wa Madyan kuhusu Nabii Musa (a.s) katika Suratul-Qaswas aya ya 26: nguvu ya kuifanya kazi na uaminifu. Mwenye kuswali sana asiyejua kuandika muhtasari wa kikao asipewe ukatibu. Mjuzi wa hesabu asiyeaminika asipewe fedha.

La nne, na ndilo linaloua jumuiya nyingi, ni kukosa makabidhiano. Mwanafunzi wa kidato cha tano huingia Julai na hufanya mtihani wa kidato cha sita mwezi wa Mei, mwaka wa pili wake. Ni miezi kama 22 tu, likizo zikiwemo. Kiongozi akichaguliwa akiwa ameshaingia kidato cha sita, hata hajakaa vizuri mtihani umefika. Anaondoka na daftari, funguo za stoo ya vitabu na namba za simu za wafadhili. Wanaokuja wanaanza sifuri. Jumuiya ya namna hii inaweza kuwa na umri wa miaka thelathini na uzoefu wa mwaka mmoja uliorudiwa mara thelathini.

La tano ni akina dada kuachwa nyuma. Amirat anatajwa wakati wa kupika, na kwenye kikao cha bajeti hayupo. Mama yetu Aisha (r.a) alikuwa mwalimu wa maswahaba na wanafunzi wao baada ya Mtume (s.a.w) kufariki. Hatuwezi kumsoma darasani kisha tukawafanya mabinti zetu watu wa jikoni tu.

Nini kifanyike?

Kwa viongozi wa jumuiya shuleni nashauri yafuatayo:

1. Pangeni kalenda inayofuata maisha ya kidato cha tano na sita. Julai na Agosti iwe miezi ya kupokea wageni: kila mgeni apewe ndugu mmoja wa kidato cha sita wa kumwonyesha msikiti, ratiba ya swala na mahali pa kupata vitabu. Uchaguzi ufanyike mapema kidato cha tano kinapokaribia kumaliza muhula wa kwanza. Viongozi wapya wafanye kazi pembeni ya wanaotoka kwa miezi miwili, kisha makabidhiano yaandikwe na kutiwa saini mbele ya mwalimu mlezi. Kidato cha sita kiachwe kisome.

2. Wekeni vitabu vitatu: kitabu cha mahudhurio, kitabu cha muhtasari wa vikao, na kitabu cha fedha chenye mapato upande mmoja na matumizi upande wa pili, stakabadhi zikiwa zimebandikwa. Hesabu isomwe mbele ya wanachama wote kila mwisho wa muhula. Vitabu hivi ni mali ya jumuiya, visiondoke na mtu.

3. Anzisheni mradi wa uzalishaji. Tangu Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, shule zetu zimezoea mashamba. Singida ni mkoa wa alizeti na kuku wa kienyeji, na vyote viwili vinaendana. Mkiomba uongozi wa shule kipande cha ardhi, alizeti ikapandwa mvua zinapoanza Desemba na kuvunwa Mei au Juni, mafuta yatauzwa na mashudu yatalisha kuku. Jumuiya yenye mradi haipiti kwa wafanyabiashara wa mjini kila mahafali ikiwa na karatasi ya michango.

4. Jumuiya iwe na sehemu ya taaluma. Aliye hodari wa hesabu awafundishe wenzake Jumamosi, na mlango uwe wazi hata kwa asiye Mwislamu. Somo la EDK na lile la Maarifa ya Uislamu kwa kidato cha tano na sita yanatahiniwa na Baraza la Mitihani, hivyo yapewe saa zake kama masomo mengine. Daawa kubwa kuliko zote shuleni ni Mwislamu anayefaulu, mwenye adabu, asiyeibia mtihani.

5. Gawaneni makusudi. Jumuiya ikae na kuuliza: nani yuko kwenye mdahalo? Nani kamati ya taaluma? Nani klabu ya wapinga rushwa? Pasipo na mtu, atafutwe anayefaa na ahimizwe, kisha kila mwezi atoe taarifa kwa wenzake.

Kwa wazazi: muulize mwanao lile swali la nne. Akikuambia kwamba ni katibu wa jumuiya au msemaji wa mdahalo, mfurahie kama unavyofurahia alama zake. Muulize kikao cha mwisho kilijadili nini. Utajua mengi kuhusu tabia yake na marafiki zake kuliko ukimuuliza kama anaswali, kwa sababu swali hilo la swala ameshajua jibu unalolitaka.

Kwa misikiti ya mjini Singida, Manyoni, Kiomboi na kwingineko: shule iliyo jirani yako ni amana yako. Msikiti uteue mtu mmoja wa kuzitembelea jumuiya za wanafunzi, kwa kufuata taratibu za shule, walau mara moja kwa mwezi. Wahasibu, wauguzi, wanasheria na walimu wa Kiislamu waliomo mijini mwetu watoe saa moja kwa muhula kuwafundisha vijana kuandika muhtasari, kusoma hesabu na kusimama mbele ya watu. Hilo halihitaji mfadhili kutoka nje.

Ndugu zangu katika imani, mara nyingi tunakaa barazani tukilalamika kwamba Waislamu hawamo katika bodi fulani, au kamati fulani, au ofisi fulani. Malalamiko mengine yana haki, na yanapaswa kufuatiliwa kwa njia zake. Lakini bodi ya kesho imekaa leo chini ya mwembe wa shule, ikijadili ratiba ya usafi na mada ya mdahalo wa Jumamosi. Mwenyekiti wake ana miaka kumi na minane. Tumuulize mwanetu kama naye yupo hapo.

Tunamuomba Allah (s.w) awaongoze vijana wetu, awape elimu yenye manufaa, na awajaalie kuwa viongozi wenye nguvu na waaminifu. Amin.

Wabillahi tawfiiq.